Farasi Mia Tatu na Mguu Mmoja

Msafara wa arusi ulikuwa ukitoka Kisauni kuingia mjini, jioni ya mvua za kwanza za vuli. Magari kumi na mawili, maua juu ya boneti, honi zalia, akina mama walio nyuma wapiga vigelegele. Gari la tatu lilikuwa la mtoto wa dada yangu: gari jeusi la Kijapani, injini ya lita tatu na nusu, lisukumwalo na magurudumu ya nyuma. Mwenyewe hujisifu kwamba lina nguvu za farasi 300, na maneno yake si ya uongo. Penye mzunguko wa barabara vijana waliosimama kando wakampungia mikono, wamtaka "awashe." Naye akawasha. Alikanyaga mafuta hali usukani bado umekunjwa na lami yametameta kwa maji. Mkia wa gari ukatoka, gari likazunguka kama pia, likapanda ukingo na kuuvaa ukuta wa bustani. Binti aliyekaa nyuma akavunjika mkono. Bwana arusi alifika nyumbani kwa bibi arusi saa nne za usiku, akitokea hospitali.

Kesho yake barazani kila mtu alikuwa na sababu yake. Akina mama wakasema ni jicho la hasidi, na lile gari likafukizwa ubani huko huko gereji. Wazee wakasema ni ujinga wa ujana. Vijana wakasema ni mvua. Mimi sikusema kitu siku ile, kwa kuwa msiba ulikuwa wetu. Leo nataka kusema, maana tangu hapo nimesikia habari nyingine mbili za namna hii hii, na moja ilimalizikia makaburini.

Kwanza msomaji asidhani kwamba ukurasa huu unayapiga vita magari yenye nguvu. Watu wa Pwani tangu hapo kale ni watu wa mashindano. Lamu katika siku za Maulidi punda hukimbizwa kando ya bahari mji mzima ukitazama, na vyombo vya tanga navyo vina siku zao za kushindana. Kijana wa leo hana punda wala hana jahazi. Ana gari lililoshushwa Kilindini kutoka Japani, lililotumika huko miaka saba au hivi, kwani sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka minane. Akilipenda, akaliosha kila Ijumaa, akalitia taa za rangi, hapo hakuna kosa. Kosa ni kwamba punda alifundishwa, na mpanda punda naye alifundishwa, lakini huyu wa farasi 300 hakufundishwa na mtu yeyote.

Natutazame jambo lenyewe lilivyo. Gari halishiki barabara kwa injini. Hushika kwa tairi nne, na kila tairi huigusa ardhi mahali padogo, kiasi cha kiganja cha mkono. Vile viganja vinne ndivyo vyote alivyo navyo dereva. Tuseme gari lina uzito wa kilo 1,500, na nusu yake iko juu ya magurudumu mawili ya nyuma yanayosukuma. Kwa hesabu ya haraka, juu ya lami kavu na kwa tairi njema, magurudumu hayo yaweza kusukuma kwa nguvu ya kiasi cha kilo 600 kabla hayajaanza kuzunguka bure. Lami ikilowa na kuwa na utelezi, zaweza kubaki 300. Sasa chukua injini ya farasi 100 ikitoa nguvu zake zote kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa: itasukuma kwa kilo 550 hivi. Yaani kwenye lami kavu hata dereva mwenye mguu mzito ni shida kumwangusha. Injini ya farasi 300, kwa mwendo ule ule, itasukuma kwa zaidi ya kilo 1,600. Hata kwa kilomita 100 kwa saa zingali ni kilo 800 na ushei. Hapo ndipo penye tofauti. Gari dogo husamehe kwa sababu halina uwezo wa kudhuru. Hili jingine lina uwezo huo wakati wote, na kizuizi chake ni mguu wa kulia wa kijana wa miaka 22.

Jambo la pili halijulikani na wengi, hata walioendesha miaka ishirini. Tairi lina mfuko mmoja tu wa fedha. Humo hutoa ya kukata kona, humo humo hutoa ya kusimama, na humo humo hutoa ya kusukuma. Akiitumia yote kwa kukata kona, haibaki hata senti ya kukanyagia mafuta. Mpwa wangu alipokuwa katika mzunguko ule alikuwa amekwisha tumia karibu fedha zote za tairi zake za nyuma kwa kupinda. Akadai na za kusukuma, na mfuko ukawa mtupu. Tena tairi likishaanza kuteleza hushika kidogo kuliko lilivyoshika likiviringika, kwa hiyo anayeteleza huwa amepoteza mara mbili.

Wala asidhani mtu kwamba dawa yake ni kuuondoa mguu ghafula. Mwaka 1975 Wajerumani wa Porsche walitoa gari la 911 lenye turbo, farasi 260, injini yake imetundikwa nyuma kabisa, kupita ekseli ya nyuma. Turbo lile lilichelewa: dereva hukanyaga, hapati kitu, akasubiri kidogo, kisha nguvu zote zikamfikia kwa pamoja katikati ya kona. Akishtuka na kuuondoa mguu, uzito wa gari huhamia mbele, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, na ile injini nzito ikautupa mkia nje. Gari lile likapewa jina la utani la mleta ujane. Madereva waliolimudu walikuwapo, na wengine wangali hai, lakini waliyajua yote hayo kabla hawajaifikia kona.

Kwetu huku pana mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni mvua ya kwanza. Miezi ya kaskazi na jua, mafuta ya magari na vumbi na ulaji wa tairi hujilaza juu ya lami. Ikija rasharasha ya mwanzo, vyote hivyo huelea na barabara ikawa sabuni. Mvua kubwa ya saa nzima huiosha, lakini zile dakika za mwanzo ndizo za hatari, na ndizo ambazo kijana huona mvua si kitu. La pili ni mchanga, ambao upepo huupeleka barabarani popote palipo karibu na pwani. Dereva wa mchana huuona. Wa usiku huugundua kwa mkia wa gari lake.

Najua nitajibiwa. Mpwa wangu mwenyewe alinijibu, mkono wa binti yule ungali kwenye plasta. "Mjomba," akasema, "gari hili lina kompyuta. Haliwezi kuteleza vile kwa desturi yake."

"Na siku ile kompyuta ilikuwa wapi, baba?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameizima. Pana kitufe karibu na gia, mtu akikibonyeza muda mrefu kompyuta humwachia gari lote. Aliizima kwa sababu ikiwa hai haimwachi magurudumu kutoa moshi, na pasipo moshi vijana wa kando ya barabara hawapigi makofi.

Kompyuta hiyo ni kitu kizuri, tusiidharau. Breki zisizofunga magurudumu ziliingia katika magari makubwa ya Mercedes-Benz mwaka 1978, zimetengenezwa na Bosch. Kisha likaja la kuzuia magurudumu yasizunguke bure, na mwaka 1995 kampuni hizo hizo mbili zikatoa chombo kinacholizuia gari zima lisizunguke. Hufanya kazi hivi: kila gurudumu lina kidude cha kuhesabu mizunguko yake. Kompyuta ikiona gurudumu moja lakimbia kuliko wenzake, huelewa kwamba lateleza, ikalibana breki peke yake au ikapunguza nguvu za injini, upesi kuliko mguu wa binadamu awaye yote. Marekani magari madogo mapya yote tangu modeli za 2012 hayana ruhusa kuuzwa bila chombo hicho, na kimeokoa watu wengi sana. Lakini kompyuta haitii fedha katika ule mfuko. Huzuia tu zisitumiwe ovyo. Mtu akiingia kona ya kilomita 50 kwa kilomita 100, na tairi zina kipara, kompyuta itashuhudia ajali kama abiria mwingine.

Na haya ya makofi na moshi yametoka wapi? Mengine ni ya kwetu, mengine yametoka ng'ambo kwa njia ya simu. Vijana wetu hutazama sinema fupi za Saudi Arabia, ambako mchezo wa kuserereshana magari huitwa tafhit. Hawaoni kwamba serikali ya huko imeutungia mchezo huo sheria ya faini na ya kunyang'anywa gari, wala hawaoni mazishi, kwa maana mazishi hayapigwi picha.

Laiti wangetazama kilichofanyika hapa hapa nchini. Mbio za Safari zilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukatika tangu 2002, nao huzifuata kwa shauku. Basi na waulize habari za mwaka 1974. Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alikuwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Aliyemfuata nyuma yake ni Björn Waldegård wa Sweden, mmoja wa madereva hodari kabisa wa ulimwengu, na gari lake lilikuwa Porsche 911 lenye injini kubwa zaidi sana. Joginder akashinda. Alikuwa ameshinda 1965 kwa Volvo, akashinda tena 1976 kwa Lancer ile ile ya lita 1.6. Katika tope, mwenye nguvu kubwa hana faida ya nguvu asizoweza kuzifikisha ardhini, na Joginder alikuwa mtu wa kujua ni nguvu ngapi ardhi yakubali kupokea. Hiyo ndiyo elimu ninayoizungumza. Ni elimu ya mguu.

Yafundishwa vipi? Mimi si mwalimu wa magari, lakini nilimpeleka mpwa wangu kwa mzee mmoja aliyeendesha malori ya bara kwa muda mrefu, tangu siku ambazo barabara nyingi zilikuwa vumbi na tope. Alitupokea katika kiwanja kitupu cha lami ambacho mwenyewe alituruhusu, hapana ukuta wala mti karibu. Jambo la kwanza alilolifanya mzee ni kutazama miguu.

"Vua makubadhi hayo," akasema. "Utaisikiaje injini na ngozi ya ng'ombe yapigapiga chini ya wayo?"

Kijana akavua, akapewa raba nyembamba. Kisha akaketishwa karibu na usukani, mgongo umeegemea, kisigino cha kulia kimewekwa sakafuni kisiondoke, na vidole tu ndivyo vya kushuka na kupanda. Mzee akamwuliza kama amewahi kumtazama fundi wa kanzu akishona kwa cherehani ya mguu. Fundi hapigi teke. Huanza polepole mpaka sindano ishike kitambaa, huongeza mguu pale mshono unaponyooka, na akifika penye shingo ya kanzu huulegeza. Mwanafunzi wa cherehani hukata uzi kutwa, kwa kuwa mguu wake wajua mambo mawili tu, kwenda na kusimama.

Baada ya hapo kiwanja kikamwagwa maji. Mpwa wangu akaambiwa aende gia ya pili, kilomita 20 kwa saa, katika duara kubwa, aongeze mafuta kidogo kidogo mpaka ausikie mkia ukitaka kutoka, kisha aulegeze mguu mpaka tairi zishike tena. Si kuuondoa, kuulegeza. Mimi nikakumbuka nahodha akipigwa na upepo wa ghafula: hakati tanga, hulegeza demani, chombo kikainuka, kisha akaivuta tena taratibu. Mara za mwanzo kijana alizunguka kama siku ya arusi. Mara ya kumi hivi akaanza kuusikia mkia katika makalio yake kabla haujatoka, na uso wake ulibadilika. Nilimwona kama mtoto wa chuoni aliyekuwa akiimba herufi kwa kufuata wenzake, kisha siku moja akasoma mwenyewe.

Mzee alimpa na mengine. Breki zimalizike kabla ya kona, usukani ukunjwe, na mafuta yaongezwe kwa kadiri usukani unavyonyooka. Mkia ukitoka kulia, usukani uende kulia, na macho yatazame kule mtu atakako kwenda, yasiutazame ukuta, kwani mikono huyafuata macho. Kwa gari lisukumwalo na magurudumu ya mbele, ambalo pua yake ndiyo inayokataa kupinda, kulegeza mafuta na kuunyoosha usukani kidogo ndiyo njia, ilhali wengi huzidi kuukunja. Asubuhi tatu za Jumapili, saa mbili kila mara. Gharama yake ilikuwa petroli na seti moja ya tairi kuukuu.

Sasa nauliza: kwa nini elimu hii ipatikane kwa kubahatisha mjomba anayemjua mzee? Mtoto wetu hujifunza udereva mbele ya kibao chenye mji wa mfano na vigari vya kuchezea, kisha katika gari dogo lililochoka, wiki chache. Akifaulu, leseni ile ile ya gari dogo humruhusu farasi 70 na farasi 400. Hakuna anayemwuliza. Nchi za Ulaya pikipiki huzigawa kwa nguvu, na kijana hupanda ngazi kwa ngazi. Australia, katika majimbo ya New South Wales na Victoria, dereva mwenye leseni ya muda hana ruhusa ya kuendesha gari linalozidi kilowati 130 kwa kila tani ya uzito wake. Sisi twangoja nini? Si sheria ngumu kuandika. Nguvu za injini zajulikana tangu gari lilipotengenezwa, na uzito wake vivyo hivyo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili nisiyotaka kuificha, kwa sababu ni nzito. Norway mwaka 1979 iliwalazimisha madereva wapya wajifunze kuendesha penye utelezi. Watafiti walipokuja kutazama, wakaona ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi zimeongezeka badala ya kupungua. Walikuwa wametoka katika mafunzo wakijiona mabingwa. Mafunzo ya nchi zile yakageuzwa baadaye, yakawa ya kumwonyesha mwanafunzi mpaka wake na jinsi anavyoufikia upesi, wala si ya kumpa ufundi wa kuchezea ng'ambo ya mpaka. Yule mzee wetu hakusoma utafiti huo, lakini siku ya mwisho alimtaka kijana aingie kwenye maji kwa mwendo aliouona mwenyewe kuwa wa salama. Akaingia kwa 50. Gari likaenda lilikotaka mpaka lilipochoka. Mzee akamwambia, "Hapo hata mimi nisingeweza kitu," akafunga somo.

Kwa hiyo ninachokitaka ni viwanja, na walimu wa namna hiyo. Serikali ya kaunti ina viwanja. Vyama vya mashindano ya magari vina watu wanaojua. Kampuni za bima, ambazo ndizo zilipazo ajali hizi, zaweza kumpunguzia ada kijana aliyepita hapo. Na wazazi, hasa wale walio Ughaibuni wanaomtumia mtoto fedha za gari kwa mapenzi, wangojee kidogo fedha za mwisho mpaka asubuhi tatu za Jumapili zimekwisha. Kuhusu msafara wa arusi, nashauri bwana arusi mwenyewe atoe neno kabla ya kuondoka: kitufe kile kisiguswe leo.

Limebaki dogo. Wiki jana nilikwenda kulitazama lile gari, limekwisha nyoshwa na kupakwa rangi. Ubavuni mwa kila tairi huandikwa tarakimu nne ndani ya duara ndefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Nikainama na tochi. Tairi za nyuma zilikuwa na kashata nzuri kabisa, zang'aa kwa dawa ya kupakia, na zimeandikwa 1114. Wiki ya kumi na moja, mwaka 2014. Mpira wa umri huo huwa mgumu kama soli ya kiatu, hata kama haujalika. Aliziuziwa kama mpya.

"Na bomba hili la moshi la kupiga kelele, lilikugharimu ngapi?"

Akanitajia. Zilikuwa fedha za kutosha tairi nne mpya, na chenji ya petroli.

"Mjomba, nitaliuza," akasema.

Jana nilipopita, gari lilikuwa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja, na barabarani hapakusikika mngurumo wake.